Ushuhuda na Ushahidi: Tajriba ya Kidini na Haki ya Kuamini, kwa Mifano ya Lodwar na Kakuma

Utangulizi

Kiswahili kina maneno mawili yaliyotokana na mzizi mmoja wa Kiarabu, nayo ni ushahidi na ushuhuda. Yote mawili yanamhusu shahidi, yaani mtu aliyekuwapo, akaona au akasikia. Hata hivyo, matumizi yameyatenganisha. Ushahidi hutolewa mahakamani, mbele ya hakimu na wakili wa upande wa pili ambaye kazi yake ni kumhoji shahidi mpaka jasho limtoke. Ushuhuda hutolewa kanisani, na anayeutoa haulizwi swali, huitikiwa "Amina". Makala haya yanakusudia kuchunguza iwapo ushuhuda waweza kufanya kazi ya ushahidi. Je, mtu aliyeota ndoto, aliyesikia sauti au aliyehisi kwamba Mungu yu karibu naye, ana haki ya kuamini kwamba Mungu yupo kwa sababu ya tajriba hiyo? Na sisi tunaomsikiliza, je?

Swali hili ni kongwe katika falsafa ya dini. Hata hivyo, sikulipata vitabuni. Nilikutana nalo Turkana, nilipokwenda Lodwar na Kakuma kukusanya shuhuda kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, ambayo inauchukulia ushuhuda wa kanisani kuwa utanzu wa fasihi simulizi. Nilikwenda kutafuta fomyula za ufunguzi, takriri na dhima ya hadhira. Nilirudi na daftari lililojaa mambo hayo, pamoja na maswali ambayo hayakuwamo katika nadharia nilizofundishwa. Msomaji aniwie radhi basi nikivuka mpaka na kuingia katika shamba la wanafalsafa. Sikuona njia nyingine ya kuyaeleza niliyoyasikia.

Masimulizi Mawili

Wa kwanza ni mama mmoja mfugaji anayeishi nje ya mji wa Lodwar, upande wa mto Turkwel. Alisimulia kwamba usiku mmoja aliota marehemu baba yake amesimama katika laga iliyokauka, akimpungia fimbo ahamishe mbuzi. Aliamka, akawahamisha gizani hadi kwenye mwinuko, watoto wakinung'unika. Kabla ya mapambazuko maji yalishuka kutoka milimani, ingawa pale walipokuwa halikuwa limeanguka hata tone la mvua, yakasomba kila kilichokuwa katika laga ile. Kwa mama huyu hakuna la kujadili. "Mwanangu," aliniambia, "Akuj alimtuma baba." Jirani yake, ambaye hakuota lolote, alipoteza mbuzi wote. Nilipouliza kwa nini Akuj hakumpelekea jirani ndoto kama ile, alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Hilo muulize Akuj."

Wa pili ni mzee wa kanisa kambini Kakuma. Alifika huko mwaka 1992 akiwa mtoto, miongoni mwa maelfu ya wavulana kutoka kusini mwa Sudan waliokimbia vita katika miaka ya 1980, wakakaa Ethiopia, kisha wakalazimika kuondoka huko mwaka 1991 baada ya serikali ya Mengistu kuanguka. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa kwa ajili yao. Ushuhuda wake unafahamika vyema na waumini wenzake. Njiani, wakiwa wamekauka kwa kiu, alisikia mtu akimwita mara mbili kutoka kichakani kwa jina la utotoni ambalo mama yake peke yake alilitumia. Aliifuata sauti ile, akakuta dimbwi la maji. "Bwana asifiwe!" "Amina!"

Ibada ilipokwisha tuliketi chini ya mti, naye akanisimulia sehemu iliyosalia. Alichota maji kwa kopo, akarudi mbio mahali alipomwacha kaka yake amelala. Kaka yake hakuwa amesikia sauti yoyote. Alimkuta amekwisha kufa. "Hiyo sehemu siisemi kanisani, mwalimu," alisema. "Watu wanahitaji nguvu."

Kauli hiyo imenisumbua tangu siku ile, nami nitairudia.

Mazigazi ya Barabarani

Miongoni mwa wanafalsafa wa zama zetu, mtu aliyeitetea zaidi tajriba ya kidini ni Richard Swinburne wa Chuo Kikuu cha Oxford. Katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu kuwapo kwa Mungu, anatoa kanuni iliyo nyepesi kuieleza: kitu kikimdhihirikia mtu kuwa kipo, basi yaelekea kipo, isipokuwa pana sababu mahususi ya kulitilia shaka jambo hilo. Anaongeza kanuni ya pili, kwamba tunapaswa kuyasadiki yale ambayo watu hutueleza kuhusu tajriba zao, isipokuwa tuna sababu ya kutowasadiki. Anasema kwamba tusipozikubali kanuni hizi hatutakuwa na maarifa yoyote, kwa maana hata kuwapo kwa meza iliyo mbele yetu tunakukubali kwa msingi huohuo.

Yeyote aliyesafiri kutoka Lodwar kwenda Kakuma, mwendo wa takriban kilomita 120, ataielewa kanuni hii mara moja, pamoja na mtego uliomo. Jua linapokuwa utosini, mbele ya gari huonekana bwawa la maji yanayometameta. Ni mazigazi. Mgeni akiliona kwa mara ya kwanza ana haki ya kuamini kwamba ni maji, kwa sababu macho yake hayajawahi kumdanganya namna hiyo. Haki hiyo humtoka pindi dereva anapomweleza kinachotendeka. Kwa maneno mengine, haki ya kuamini kinachoonekana ni haki ya muda. Hudumu mpaka ijulikane kwamba katika mazingira hayo, kwa saa hizo, macho huona yasiyokuwapo.

Hapa ndipo wakosoaji huingia. Mtoto aliyekaukiwa na maji mwilini, asiye na chakula siku kadhaa, yumo katika hali ambayo akili husikia sauti zisizokuwapo. Je, huo si mchana wa mazigazi? Hoja hii ina nguvu, lakini isipewe nguvu kuliko inavyostahili. William James, katika mihadhara aliyoitoa Edinburgh mwaka 1901 na 1902, alikwisha kuonya kwamba chanzo cha wazo katika hali ya mwili hakituambii kama wazo lenyewe ni la kweli. Mwanahisabati akiipata suluhu huku ana homa, suluhu haibatiliki kwa sababu ya homa. Aidha, tusisahau kwamba dimbwi lilikuwapo. Mazigazi hayanyweki, na mvulana yule alikunywa.

Mkosoaji ataniambia kwamba wavulana wengine wengi walisikia sauti wakazifuata na hawakukuta dimbwi, nao hawako Kakuma kutusimulia. Sina jibu kwa hilo. Waliofika ndio pekee tunaoweza kuwasikiliza.

Hoja ya pili ya upande wa utetezi ni ya William Alston, Mmarekani, aliyoitoa mwaka 1991. Yeye anauliza: tunajuaje kwamba macho yetu yanaaminika? Tukitaka kuthibitisha, tutatazama tena, yaani tutatumia macho kuyatetea macho. Kila njia ya kupata maarifa huishia kujitegemea yenyewe. Basi kwa nini anayemtambua Mungu katika sala adaiwe ithibati ambayo anayemwona ngamia sokoni hadaiwi? Nakiri kwamba hoja hii ilinivutia sana nilipoisoma. Hata hivyo, nikimwona ngamia katika soko la Lodwar na nikashuku macho yangu, nitamgusa bega aliye karibu nami na kumuuliza, "Ndugu, yule ni ngamia?" Naye atajibu, awe Mturkana, Msomali au Mkikuyu. Kaka aliyelala chini ya mti hakuweza kuulizwa, na kama angeulizwa angesema hakusikia kitu. Alston anajua tofauti hii. Anasema kwamba kila njia ya utambuzi ina mizani yake na haifai kuipima moja kwa mizani ya nyingine. Huenda. Lakini mizani ambayo haiwezi kumhusisha aliyeketi kando yako ni mizani dhaifu, hata kama ni halali.

Aliyeonja na Aliyesimuliwa

Karne nyingi kabla ya Swinburne na Alston, Imamu al-Ghazali alikuwa ameupitia mjadala huu katika nafsi yake. Mwaka 1095 aliacha kazi ya kufundisha Baghdad, akaondoka mjini, na baadaye akaandika wasifu mfupi wa safari yake ya kutoka katika shaka. Alianza kwa kuzishuku hisi: kivuli huonekana kimetulia kumbe kinasogea, nyota huonekana ndogo kama sarafu kumbe ni kubwa kuliko dunia. Kisha akaishuku na akili, kwa kuwa hata aotaye huamini anayoyaota mpaka aamke. Mwisho alisema kwamba kilichomponya ni nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake wala si hoja. Kuhusu Wasufi anatoa mfano ambao haujapata kuzidiwa: kujua fasili ya afya si sawa na kuwa na afya, na kujua maana ya ulevi si sawa na kulewa. Kuna maarifa ambayo hupatikana kwa kuonja tu.

Wasomaji waliolelewa katika mapokeo ya Kiislamu watakumbuka daraja za yakini ambazo walimu wa pwani huzifafanua kwa mfano wa moto: kuna anayeambiwa kuna moto, kuna anayeuona, na kuna anayeungua. Mama wa Turkwel yumo katika daraja ya tatu. Mimi niliyeandika masimulizi yake daftarini nimo katika ya kwanza, na wewe msomaji uko nyuma yangu.

Linalovutia ni kwamba maulamaa, pamoja na kuitukuza tajriba hiyo, waliiwekea mpaka. Kwa walio wengi miongoni mwa wanazuoni wa misingi ya sheria, ilhamu na ndoto ya mtu wa kawaida haziwi hoja ya kumfunga mwingine, na hukumu ya sheria haijengwi juu yake. Mtu aliyeswali istikhara akaona dalili aweza kuifuata katika safari yake au ndoa yake. Hawezi kumwamuru jirani aifuate. James, bila ya kuwa mwanafunzi wa maulamaa hao, alifikia hitimisho lililo karibu sana na hilo: tajriba ya aina hii ina mamlaka juu ya aliyeipata, lakini haina mamlaka juu ya wale walio nje yake. Wao wana haki ya kuichunguza kwa makini bila ya kuinama.

Huu ndio msimamo ninaouona kuwa sahihi, na sehemu iliyosalia ya makala haya inaonyesha kwa nini si mwepesi kama unavyosikika.

Buruhani Gerezani

Sisi wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili tunao mfano wetu wenyewe. Katika Kusadikika, kitabu alichokichapisha Shaaban Robert mwaka 1951, nchi inayoelea hewani inatuma wajumbe sita kwenda pande sita, na kila mmoja anaporudi na habari za aliyoyaona anatiwa gerezani. Kwa kawaida kitabu hiki hufundishwa kama istiara ya utawala wa kikoloni, na ni sawa. Ila tukiyatazama majina, tutaona kwamba mwandishi alikuwa akiwaza pia juu ya elimu na imani. Mjumbe mmoja anaitwa Buruhani, yaani hoja au ithibati. Mwingine anaitwa Amini. Nchi yenyewe imepewa jina kutokana na kitenzi sadiki.

Kosa la Wakusadikika si kwamba walishuku. Mjumbe aliyerudi peke yake na habari za nchi ambayo hakuna mwingine aliyeiona anastahili kuulizwa maswali. Kosa lao ni kwamba waliruka kutoka "hatujaona" hadi "hakuna", kisha wakaenda hadi kwenye pingu. Karama anapowatetea hasemi kwamba kila msafiri aaminiwe. Anadai kesi isikilizwe. Ushuhuda wao unahitaji kugeuzwa ushahidi, na hilo haliwezekani ikiwa shahidi amefungwa, wala haliwezekani ikiwa ameitikiwa "Amina" kabla ya kumaliza sentensi.

Mizani ya Waturkana

Kuna dhana iliyoenea kwamba jamii za Kiafrika huyapokea maono bila ya kuuliza. Waturkana wanaikanusha. Kwao, mtu anayepokea ujumbe kutoka kwa Akuj huitwa emuron, na wingi wake ni ngimurok. Wako wanaosoma viatu vilivyorushwa chini, wanaosoma matumbo ya mnyama aliyechinjwa, na wanaosoma tumbaku. Juu yao wako ngimurok wa Akuj, ambao huota. Ndoto ya emuron wa namna hii huwa na maelezo mahususi: achinjwe mnyama wa rangi fulani, mahali fulani, ili mvua inyeshe au maradhi yaondoke.

Umahususi huo ndio unaoifanya ndoto ipimike. Mvua hunyesha au hainyeshi, na vijana waliokwenda vitani hurudi au hawarudi. Emuron ambaye ndoto zake hazitimii hupungukiwa na wafuasi pole pole. Isitoshe, Waturkana hawadhani kwamba kila nguvu isiyoonekana hutoka kwa Akuj. Wanamjua ekapilan, mchawi, na wanawajua pepo wa porini waitwao ngipian. Kwa hiyo swali "Je, kweli ni Akuj aliyesema nawe?" lilikuwapo kabla ya mmishonari wa kwanza kufika.

Historia imewahifadhi baadhi yao. Lokerio, emuron wa karne ya 19, anasimuliwa kuwa aliyapiga maji ya ziwa kwa fimbo yakagawanyika, mashujaa wakavuka kwenda kuteka ngamia. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataitambua motifu hii haraka, kwa kuwa imo katika masimulizi ya mataifa mengi, na atasita kuichukua kama taarifa ya tukio. Karibu na zama zetu yuko Loolel Kokoi, aliyeshirikiana na kiongozi wa vita Ebei katika upinzani dhidi ya Waingereza. Mwanahistoria John Lamphear aliuchambua upinzani huo katika kitabu chake cha mwaka 1992. Mwaka 1918 majeshi ya serikali za kikoloni yaliendesha msafara mkubwa wa kuwaadhibu Waturkana, uliojulikana kama msafara wa Labur, na mifugo isiyo na idadi ikanyakuliwa. Ndoto hazikuyazuia majeshi hayo.

Je, Waturkana waliacha kumwamini Akuj? La. Na hapa ni lazima niseme kwamba mizani hii nayo ina tundu. Ndoto isipotimia, husemwa kwamba mnyama hakuwa wa rangi ile hasa, au kwamba watu hawakutii ipasavyo. Anayepoteza heshima ni emuron; Akuj haguswi. Ni mtihani wa mjumbe, na si wa aliyemtuma. Nilipomweleza hayo mzee mmoja mjini Lodwar, alicheka, akaniuliza kama kwetu bara mwalimu akifeli husemwa kwamba hesabu ni uongo.

Fomyula na Mkasi

Wamishonari Wakatoliki wa Shirika la Mtakatifu Patriki kutoka Ireland walianza kazi Turkana mwaka 1961, wakati wa njaa. Lodwar ikawa jimbo kamili mwaka 1978. Leo sanamu ya Yesu imesimama kilimani juu ya mji. Waliofuata baadaye, hasa makanisa ya kiroho, walikuja na utanzu ambao haukuwa na nafasi kubwa katika misa: ushuhuda wa hadharani. Utanzu huu una historia yake katika Afrika Mashariki. Uliimarishwa na Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, na Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1930, ukafika Kabete mwaka 1937, na ukaenea kwa Kiganda, Kikuyu na Kiswahili. Kutoka hapo tukapata fomyula ambazo kila Mkenya anazifahamu: "Bwana asifiwe", "nampenda Yesu kama mwokozi wa maisha yangu", kisha hali ya awali, kisha dhiki, kisha tukio, kisha shukrani. Kazi ya "Bwana asifiwe" ni ileile ya "Paukwa": inafungua mlango na kumweka msikilizaji tayari kuitikia.

Kuwa na fomyula hakuufanyi usemi kuwa uongo. Hati ya kiapo mahakamani nayo ina fomyula. Tatizo ni kwamba utanzu una mkasi. Ushuhuda unadai tamati ya furaha, na kila kisichoelekea huko hukatwa. Mzee wa Kakuma hakusema uongo hata neno moja kanisani. Ila aliposimama, utanzu ulimkata kaka yake ukamwondoa katika hadithi. Msikilizaji wa Jumapili anapima uzito wa ushuhuda ambao nusu yake imebaki chini ya mti.

Mkasi huu hufanya kazi kwa jamii nzima pia. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika Pembe ya Afrika, Turkana ikiwamo. Maombi yalifanywa makanisani, misikitini na kwa ngimurok. Mvua iliponyesha hatimaye mwaka 2023, shuhuda zilikuwa nyingi. Kuhusu misimu mitano ya kimya, sikurekodi hata ushuhuda mmoja.

Nao wingi wa sauti usitulaghai. Katika vitabu na ripoti nyingi za Kiingereza imeandikwa kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "mahali pasipo popote". Sisi tunaosoma Kiswahili tunajua kwamba neno hilo halimo katika lugha yetu. Mmoja aliandika, mwingine akanukuu, na leo mtu aweza kukusanya mashahidi kadha wa kadha wa jambo lisilokuwapo. Swinburne anasema tajriba nyingi zikikusanywa hupeana nguvu. Ni kweli, mradi kila shahidi ameona mwenyewe. Shuhuda 50 zilizofinyangwa kwa kalibu moja na watu wanaosikilizana kila juma hazina uzito wa shuhuda 50.

Majina Mengi

Kambini Kakuma, mwendo wa mchana mmoja humpitisha mtu kwenye misikiti, kanisa la Kiorthodoksi la Waethiopia, Waanglikana wa Sudan Kusini wakiimba nyimbo za Kidinka, na Wapentekoste kutoka Kongo na Burundi. Nyingi za nyimbo hizo za Kidinka, kama alivyoonyesha Marc Nikkel, zilitungwa vitani na katika safari ya ukimbizi; ni tajriba zilizopewa mahadhi. Katika kila nyumba ya ibada wako walioota na waliosikia. David Hume aliona katika karne ya 18 kwamba miujiza ya dini zinazopingana hubatilishana, kama mashahidi wa pande mbili mahakamani.

Hoja ya Hume ni kali kupita kiasi, kwa maoni yangu. Mashahidi wakitofautiana kuhusu rangi ya gari, hatusemi kwamba hapakuwa na ajali. Lakini tukiwapunguza mashahidi wote hadi kwenye lile wanalokubaliana, je, tunabakiwa na nini? John Mbiti angesema tunabakiwa na Mungu mmoja mwenye majina mengi: Akuj, Nhialic, Waaq, Allah, Imana. Okot p'Bitek alimkemea yeye na wengine kwa haraka hiyo mwaka 1970, akidai kwamba miungu ya Waafrika ilikuwa imevishwa kanzu za Kigiriki. Jambo hili naliona hata katika daftari langu. Wanaomwona Yesu Kakuma humwona na nywele ndefu na kanzu nyeupe, kama alivyo kwenye kalenda za ukutani. Mama wa Turkwel alimwona baba yake na fimbo. Kila mmoja alipewa, au alijipa, sura aliyokuwa nayo tayari. Kinachobaki sura zikiondolewa ni chembamba sana: kwamba kuna anayejali. Na kujali huko ndiko kunakotiliwa shaka na jirani aliyepoteza mbuzi, na kaka aliyelala chini ya mti.

Waliokaa Kimya

Wanafalsafa wamejadili kwa urefu tajriba ya waliosikia. Tajriba ya waliosikiliza wasisikie imepewa nafasi ndogo. Swinburne anaipita kwa wepesi: kutomwona Mungu si ushahidi kwamba hayupo, kwa sababu hatujui ni katika mazingira gani angepaswa kuonekana. Hoja hii ingenitosha kama waumini wenyewe wangeishika. Ukifungua redio saa ambayo kituo hakitangazi, kimya hakithibitishi lolote. Lakini mhubiri haniambii kwamba saa za matangazo hazijulikani. Ananiambia kwamba anayeita huitikiwa. Ghala likisemwa lina nafaka, nikalifungua nikakuta sakafu tupu, utupu huo ni ushahidi, na aliyeuona ni shahidi kama yule aliyekuta gunia.

Simaanishi kwamba kimya cha mmoja kinaifuta sauti aliyoisikia mwingine. Mzee wa Kakuma ana haki ya kuamini aliyoyasikia. Mimi sikuwa na kiu ile, wala sina jina la utotoni ambalo liliitwa nyikani. Ninachosema ni kwamba mahakama inayowaita mashahidi wa upande mmoja tu haiwezi kutoa hukumu, na kwamba utanzu wa ushuhuda, kwa jinsi ulivyo sasa, ni mahakama ya namna hiyo.

Katika kanisa moja kambini nilimwona mama kutoka Kongo ambaye hakusimama Jumapili zote nne nilizohudhuria, ingawa kiongozi alimtazama kila mara. Nilimuuliza kwa upole. "Miye sina ushuhuda, mwalimu," alisema. "Niliomba sana kwa ajili ya watoto. Nikisimama nitasema nini? Niseme niliita, hakuna aliyeitika?" Nikamuuliza basi huja kufanya nini. Akasema huja kuimba. Sauti yake, kwa kweli, ndiyo iliyokuwa ikiishika kwaya.

Katika jedwali la tasnifu yangu nimemworodhesha chini ya safu ya mashahidi. Msimamizi wangu amelizungushia ingizo hilo duara kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni, "Ushuhuda wenyewe uko wapi?" Nimemrudishia rasimu bila ya kuliondoa.